Umejuaje? Swali dogo linalokosekana madarasani

KWA miaka mingi, watahiniwa wa Kiswahili wa kidato cha nne nchini Tanzania wamekuwa wakikutana na neno moja linaloamua sehemu kubwa ya alama zao katika fasihi. Neno hilo ni "thibitisha". Hupewa kauli fulani kuhusu fasihi na jamii, kisha hutakiwa kuithibitisha kwa kutumia vitabu viwili walivyovisoma, aghalabu kwa hoja tatu kutoka kila kitabu.

Ni agizo fupi, lakini limebeba stadi tatu kwa mpigo. Ya kwanza ni kutoa dai. Ya pili ni kuonyesha mahali hasa ndani ya matini ambapo dai hilo linapata nguvu. Ya tatu, ambayo ndiyo ngumu zaidi, ni kueleza namna kilichoonyeshwa kinavyoliunga mkono dai lenyewe.

Mjadala wa elimu nchini umezoea kuhesabu waliofaulu na waliofeli. Haujazoea kuuliza swali linalotangulia hesabu hiyo: kijana anayeamriwa kuthibitisha akiwa kidato cha nne, alifundishwa lini kuthibitisha?

Ukifuatilia safari yake tangu darasa la kwanza, jibu halifurahishi. Stadi hiyo hudaiwa mwishoni mwa safari bila kupandwa mwanzoni. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hujifunza kukariri uthibitisho wa mtu mwingine, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kuthibitisha.

Kutoka kusiliba hadi kuthibitisha

Mwaka 2012, Baraza la Mitihani la Tanzania lilianza kusahihisha mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa mashine. Tangu hapo, mtoto wa darasa la saba amekuwa akijifunza kusiliba herufi ya jibu sahihi kwenye karatasi maalumu. Miaka ya baadaye maswali machache ya majibu mafupi yalirejeshwa, lakini sehemu kubwa ya mtihani ilibaki kuwa ya kuchagua.

Utaratibu huo una faida zake, na si haki kuzificha. Husahihisha karatasi nyingi kwa muda mfupi na hupunguza upendeleo wa msahihishaji. Hata hivyo, una upungufu mmoja mkubwa: haumuulizi mtoto kwa nini. Aliyesoma kifungu akakielewa na aliyebahatisha herufi hupata alama ile ile, maana mashine huona kivuli cha penseli tu.

Mwalimu naye ni binadamu, na shule hupimwa kwa matokeo. Jambo lisiloulizwa katika mtihani wa mwisho hupungua uzito darasani mapema sana. Kipindi cha ufahamu ambacho kingekuwa uwanja wa kubishana juu ya kifungu hugeuka kuwa zoezi la kutafuta jibu moja, kulizungushia duara na kusonga mbele.

Mtoto huyo huyo akifika sekondari huambiwa aandike insha yenye hoja na uthibitisho. Anachodaiwa hapo ni deni ambalo hakulikopa.

Hoja tatu kwa kila kitabu

Chini ya mtaala ulioanza kutumika mwaka 2005, orodha ya vitabu teule vya fasihi kwa kidato cha tatu na cha nne ilikaa karibu bila kubadilika kwa zaidi ya muongo mmoja. Takriban kila aliyesoma sekondari katika kipindi hicho anavifahamu: Takadini, Watoto wa Maman'tilie na Joka la Mdimu upande wa riwaya, Orodha, Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe na Kilio Chetu upande wa tamthiliya, pamoja na diwani za Wasakatonge, Malenga Wapya na Mashairi ya Chekacheka.

Hapana ubaya wowote katika vitabu hivyo. Tatizo limo katika kile kinachotokea pale orodha ile ile inapokutana na swali la aina ile ile mwaka baada ya mwaka. Soko la vijitabu vya uchambuzi hustawi. Katika shule ambako nakala moja ya riwaya hugombaniwa na darasa zima, kijitabu chembamba chenye dhamira, wahusika na mandhari huwa ndicho kitabu chenyewe. Wapo wanafunzi wanaomaliza kidato cha nne wakiwa na madesa kamili ya Takadini bila kuwahi kufungua ukurasa wake wa kwanza.

Mwanafunzi wa aina hiyo anaweza kuandika hoja tatu kwa kila kitabu na kupata alama. Anaweza hata kunukuu. Lakini nukuu yake ameipokea ikiwa tayari imechumwa, imeoshwa na kupangwa sahani moja na hoja yake. Hajawahi kuitafuta, hajawahi kuipima dhidi ya nyingine, wala hajawahi kugundua kwamba dai alilolipenda halina mashiko kitabuni. Kugundua huko ndiko kunakomfundisha mtu thamani ya ushahidi.

Mtihani wenyewe huchangia hali hiyo. Mtahiniwa haingii na kitabu chumbani. Kwa hiyo kinachopimwa kwa jina la uthibitisho, kwa kiasi kikubwa, ni kumbukumbu.

Dai, ushahidi na daraja linalokosekana

Mfano wa Ngoswe unafaa kulionyesha pengo hili. Katika tamthiliya hiyo ya Edwin Semzaba, Ngoswe ni karani aliyetumwa kijijini kwa kazi ya kuhesabu watu. Akiwa huko anampenda Mazoea, binti wa mzee Mitomingi, na kumtorosha. Mzee huyo, kwa hasira, anazichoma moto karatasi za takwimu.

Jibu lililozoeleka madarasani huenda hivi: "Ngoswe ni mzembe. Mwandishi ameonyesha uzembe wa Ngoswe pale ambapo Ngoswe alikuwa mzembe katika kazi yake." Aya ni ndefu, maneno ni mengi, lakini dai limezunguka na kurudi nyumbani kwake bila kukutana na shahidi yeyote.

Jibu la hatua ya pili hutaja tukio: "Ngoswe ni mzembe, kwani alimtorosha Mazoea na karatasi zikachomwa." Hapa ushahidi umefika, ila umesimama mlangoni. Msomaji ndiye anayeachiwa kazi ya kuunganisha kutoroshwa kwa binti na uzembe wa mtumishi wa umma.

Jibu kamili halina budi kujenga daraja. Lingeweza kusema kwamba Ngoswe alikuwa kijijini kwa dhamana ya serikali, si kwa shughuli zake binafsi. Kwamba aliweka mapenzi mbele ya dhamana hiyo. Na kwamba zilizoteketea hazikuwa karatasi zake, bali takwimu ambazo jamii nzima ingezihitaji kupanga maendeleo yake. Kwa hiyo madhara ya uzembe wake yalivuka mipaka ya nyumba ya mzee Mitomingi.

Sentensi hizo za mwisho hazimo katika kitabu kwa namna hiyo. Ni kazi ya akili ya mwanafunzi. Ndizo zinazoonyesha kwamba amefikiri, na ndizo zinazokosekana mara nyingi zaidi.

Tena, tukio lile lile linaweza kumtumikia mwanafunzi mwenye mtazamo tofauti. Mwingine angeweza kudai kwamba lawama haimwangukii Ngoswe peke yake, kwa sababu mkono uliowasha moto ulikuwa wa mzazi aliyeshindwa kutofautisha ugomvi wa familia na mali ya umma. Naye ana ushahidi. Mwalimu anayeshikilia mwongozo wenye jibu moja atamkosesha. Mwalimu anayefundisha uthibitisho atamuuliza aongeze maelezo, kisha ampe alama anayostahili.

Kuanza mapema, kwa kifungu kifupi

Ipo dhana kwamba mambo haya ni ya wakubwa, na kwamba mtoto wa darasa la nne hana umri wa kujadili ushahidi. Dhana hiyo haina msingi. Watoto hudaiana ushahidi kila siku katika michezo yao: nani kagusa mpira kwa mkono, nani kaona, umejuaje. Kinachotakiwa ni kuihamishia tabia hiyo kwenye maandishi.

Chukua kifungu kifupi kama hiki, ambacho mwalimu yeyote anaweza kukitunga na kukiandika ubaoni:

"Asha aliamka kabla ya jogoo kuwika. Alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaketi mlangoni akiitazama njia ya stendi. Kila basi lilipopiga honi, alisimama. Jua lilipozama, alichukua sahani ya pili akairudisha kabatini."

Swali la kwanza: je, Asha alikuwa akimsubiri mtu? Darasa zima litaitikia ndiyo. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa swali la pili: umejuaje? Mmoja atataja njia ya stendi, mwingine honi, mwingine sahani ya pili. Mwalimu atawataka wapige mstari chini ya maneno hayo, kisha waeleze kila moja linaonyesha nini. Sahani ya pili inaonyesha kwamba aliandaa chakula cha watu wawili; kurudishwa kwake kabatini kunaonyesha kwamba aliyetarajiwa hakufika.

Swali la tatu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote: je, Asha alikuwa akimsubiri mama yake? Wengi watasema ndiyo, kwa kuwa ndivyo wanavyohisi. Wakirejeshwa kwenye kifungu watakuta hakuna neno lolote linalomtaja mama. Jibu sahihi ni kwamba kifungu hakisemi. Mtoto anayejifunza kutamka maneno hayo bila aibu amevuka hatua ambayo watu wazima wengi hawajaivuka, yaani kutofautisha kilichoandikwa na kile alichokileta yeye mwenyewe kichwani.

Zoezi hilo halihitaji kompyuta, maabara wala bajeti. Linahitaji ubao, chaki na mwalimu aliye tayari kupokea majibu zaidi ya moja.

Mzigo wa lugha

Kikwazo kingine humkabili mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza. Masomo aliyoyasoma kwa Kiswahili hugeuka kuwa ya Kiingereza, isipokuwa machache. Kueleza ushahidi kwa maneno yako mwenyewe ni kazi inayotegemea umilisi wa lugha kuliko kazi nyingine nyingi za darasani. Mwenye msamiati haba hawezi kuhatarisha sentensi yake. Hushikilia ile aliyoandikiwa ubaoni, nukta kwa nukta.

Ndiyo maana kukariri katika masomo kama historia si uvivu tu, kama inavyodhaniwa. Mara nyingi ni njia ya kujiokoa. Kijana anaweza kuwa na wazo zuri kuhusu sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, lakini akakosa maneno ya Kiingereza ya kulitetea. Hivyo hurudia orodha ya sababu alizopewa, na orodha haina daraja kati ya dai na ushahidi.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo hufundishwa kwa Kiswahili, limefungua nafasi muhimu katika jambo hili. Humo mwanafunzi anaweza kuwekewa mbele yake Azimio la Arusha la mwaka 1967 na kuambiwa: imedaiwa kuwa Azimio lilitilia mkazo kujitegemea kuliko fedha; onyesha ni wapi linasema hivyo, na ueleze. Anayefanya hivyo kwa lugha anayoimudu atajenga mazoea ambayo baadaye anaweza kuyahamishia katika lugha nyingine. Nafasi hiyo itapotea iwapo somo hilo nalo litageuzwa kuwa orodha ya tarehe na majina.

Hesabu ya mwalimu

Lawama zote zikimwangukia mwalimu, uchambuzi utakuwa wa upande mmoja. Tangu serikali ilipoanza kutekeleza elimu bila ada katika shule za msingi na sekondari za umma mwanzoni mwa mwaka 2016, milango ilifunguka kwa watoto wengi ambao wangebaki nyumbani. Ni hatua ya kujivunia. Madarasa nayo yalijaa.

Mwalimu mwenye mikondo minne ya wanafunzi 60 kila mmoja ana wanafunzi 240. Akiwapa insha ya ukurasa mmoja, na akatumia dakika tano tu kusoma kila moja, atahitaji saa 20 kuzimaliza. Hizo ni saa za zoezi moja, nje ya vipindi, maandalio na majukumu mengine ya shule. Akiamua kutoa maswali ya kuchagua, hajafanya hivyo kwa kuchukia fikra. Amepiga hesabu.

Kwa sababu hiyo, ushauri wowote unaomtaka atoe insha nyingi zaidi hautafika mbali. Njia inayotekelezeka ni kupunguza ukubwa wa kazi na kuongeza ukali wake. Aya moja ya sentensi tatu, yaani dai, ushahidi na maelezo, husomeka kwa muda mfupi sana. Wanafunzi wanaweza kubadilishana madaftari wawili wawili na kuulizana swali lile lile la "umejuaje?" kabla kazi haijamfikia mwalimu. Mwalimu naye anaweza kuchagua aya tatu, akaziandika ubaoni bila majina na kuzijadili na darasa zima.

Upande wa mtihani pia kuna nafasi ya mabadiliko madogo yenye uzito. Sehemu ya ufahamu tayari humpa mtahiniwa kifungu ambacho hajawahi kukiona, na hapo kumbukumbu za madesa hazimsaidii. Swali moja tu likiongezwa, la kumtaka ataje maneno mawili ya kifungu yanayothibitisha jibu lake na aeleze kwa nini, litatuma ujumbe hadi darasa la tatu. Walimu hufuata mtihani. Ukweli huo unaweza kutumiwa kwa manufaa.

Ahadi ya mtaala mpya

Mabadiliko ya mitaala ambayo utekelezaji wake ulianza kwa awamu mwaka 2024, sambamba na Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, yanaahidi mhitimu mwenye umahiri badala ya aliyejaa maarifa ya kukariri. Muundo wenyewe unabadilika, kwa elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi.

Hata hivyo, ahadi ya umahiri si mpya. Mtaala wa mwaka 2005 nao uliletwa kwa lugha hiyo hiyo ya umahiri, na ndio ulioishi muongo na zaidi pamoja na vijitabu vya uchambuzi. Funzo lake liko wazi: neno likibadilika katika waraka huku swali la mtihani, idadi ya vitabu maktabani na mafunzo ya walimu kazini vikibaki vilevile, mtoto ataendelea kukariri. Atakachokariri safari hii kitaitwa umahiri.

Uharaka wa jambo hili umeongezeka kutokana na zana za akili mnemba, ambazo huandika insha nzima kwa sekunde chache. Zana hizo zinaweza kutoa nukuu inayosikika kuwa ya kweli kutoka kitabu fulani ilhali nukuu hiyo haimo kabisa ndani yake. Anayeweza kuibaini ni yule tu aliyezoea kufungua ukurasa na kutazama. Aliyezoea kupokea nukuu kutoka kwenye desa hana sababu ya kuishuku nukuu inayotoka kwenye simu.

Zaidi ya alama

Mwisho wa yote, jambo hili halihusu fasihi peke yake. Kiswahili kina methali isemayo "lisemwalo lipo, na kama halipo laja". Wapo wanaoitumia kama kibali cha kuamini kila uvumi. Lakini lugha hiyo hiyo imetoa msemo wa kuiwekea mizani: "akili za kuambiwa, changanya na za kwako". Jamii za Waswahili hazikuwa ngeni kwa ushahidi. Kesi barazani hutaka mashahidi, na wanazuoni wa hadithi za Mtume tangu zamani hutaka sanadi, yaani mlolongo wa waliopokezana habari, kabla ya kuikubali.

Mtoto wa leo atakua na kuwa karani anayeandika taarifa ya wilaya, muuguzi anayejaza faili la mgonjwa, mjumbe wa serikali ya kijiji anayesaini mkataba wa ardhi. Katika kila nafasi kutakuwa na karatasi mbele yake na mtu anayedai kwamba karatasi hiyo inasema hivi au vile. Mwanakijiji anayeweza kusema "nionyeshe kifungu kinachosema hivyo" si rahisi kudhulumiwa shamba lake. Asiyeweza hutegemea huruma ya anayemsomea.

Hapo ndipo ulipo uzito wa swali hili. Gharama yake hailipwi siku ya matokeo tu, na anayeilipa zaidi si mtoto wa mwenye maktaba nyumbani. Ni yule ambaye darasa la umma ndilo mahali pekee ambapo angeweza kufundishwa kuuliza, na kuulizwa: umejuaje?